Jinsi Maua Yalivyopigwa Chapa Kwenye Pamba: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Viwanda vya Mwanzo, 1760–1840

Katika viwanda vya kwanza vya kupiga chapa, fundi wa kibao, yaani kipande cha mti kilichochongwa mchoro, hakuweka wekundu kwenye nguo. Aliweka dawa ya kushika rangi, maji mazito yaliyokaribia kukosa rangi yake yenyewe. Wekundu ulikuja siku kadhaa baadaye, nguo yote ilipotiwa ndani ya sufuria ya mizizi ya rubia, mmea wenye rangi nyekundu mizizini, na ulikaa pale tu dawa ilipogusa. Ukilishika jambo hilo moja, hatua zote zinazofuata zitakuelea: kwa nini nguo ilitundikwa siku nzima bila kufanyiwa lolote, kwa nini kinyesi cha ng'ombe kilinunuliwa kwa pipa, na kwa nini msumari mmoja wenye kutu uliweza kuharibu jora zima.

Elimu hii ilitoka India, hasa pwani ya Koromandeli, ambako nguo za rangi zisizotoka zilitengenezwa kwa karne nyingi kabla Wazungu hawajajua siri yake. Ufaransa ilipiga marufuku nguo hizo kuanzia 1686 hadi 1759. Mwaka 1760 Christophe-Philippe Oberkampf alianza kupiga chapa huko Jouy-en-Josas, kando ya mto Bièvre karibu na Versailles. Uingereza kazi ilihamia taratibu kutoka London hadi Lancashire. Tunayoeleza hapa ni utaratibu wa sehemu hizo mbili, kwa mtindo wa rubia, ambao ndio uliokuwa uti wa mgongo wa kazi yote.

Kuandaa nguo

Pamba inayotoka kwenye kitanda cha mfumi ina nta yake ya asili, mafuta ya mikono, na wanga uliopakwa uzi ili usikatike. Dawa haiwezi kupenya vitu hivyo. Kwanza malaika ya juu ya nguo yaliunguzwa kwa kuipitisha haraka juu ya bamba la chuma lililochomwa hadi kuwa jekundu, kwa sababu vinyweleo hivyo hunyanyua rangi na kutia ukungu kingo za mchoro. Kisha nguo ililowekwa usiku kucha katika maji vuguvugu hadi wanga uchachuke na kulegea, ikachemshwa kwa saa nyingi katika maji ya chokaa au ya majivu, ikafuliwa, ikatiwa kwenye maji makali, ikatandazwa majanini juani. Mzunguko huo ulirudiwa mara kadhaa.

Maji makali ya zamani yalikuwa maziwa yaliyochacha, na kila kulowekwa kulichukua siku nyingi. Kuanzia miaka ya 1750 asidi ya sulfuriki iliyopunguzwa sana kwa maji ilifanya kazi hiyo kwa saa chache. Mkemia Mfaransa Berthollet alipoonyesha nguvu ya klorini katika miaka ya 1780, na Charles Tennant wa Glasgow alipopata hati ya uvumbuzi wa unga wa kung'arishia nguo mwaka 1799, weupe uliotaka miezi ya jua ukapatikana kwa siku.

Jaribu nguo hivi: dondosha tone la maji. Likizama papo hapo, iko tayari. Likisimama kama lulu, nta bado imo, irudishwe kwenye maji ya majivu. Kagua pia madoa ya kutu. Chuma ni dawa ya kushika rangi sawa na shabu, chumvi yenye alumini, kwa hiyo doa la kutu lisiloonekana leo litakuwa doa la zambarau litakapofika kwenye rubia. Ndiyo maana nguo hazikutundikwa kwenye misumari mitupu, na mafundi makini walikataa maji ya kisima chenye chuma.

Mwisho nguo ilipitishwa kati ya magogo mazito ili inyooke. Nguo iliyopinda huleta mchoro uliopinda, na hakuna fundi wa kurekebisha hilo baadaye.

Kibao

Kila rangi ilikuwa na kibao chake. Ua lenye nyeusi, nyekundu mbili na zambarau lilihitaji vibao vinne. Kibao cha kawaida kilikuwa na urefu wa sentimita 25 hivi, upana wa 13, na unene wa 5 hadi 7. Kilitengenezwa kwa tabaka tatu zilizogundishwa, nyuzi za mti zikipishana: mbili za chini za msonobari, ya juu ya mti mgumu wenye nyuzi za karibu kama mpeasi. Mpishano huo ndio unaozuia kibao kupinda kinapolowa na kukauka mara mia kwa siku.

Mchoro ulihamishwa kwa karatasi, kisha mti usiotakiwa ukachongwa kwa kina cha sentimita moja hivi. Mistari myembamba ikichongwa kwenye mti huvunjika upesi, kwa hiyo iliundwa kwa vipande bapa vya shaba vilivyogongewa ndani ya kibao, na nukta zikawa pini za shaba. Baada ya kugongewa, zote zilisuguliwa hadi vichwa viwe sawasawa. Pini moja ikichomoza zaidi, hutoboa nguo na kuacha weupe kuizunguka. Sehemu pana za rangi zilijazwa sufi, yaani manyoya ya kondoo, ndani ya ukingo wa shaba, kwa sababu mti mtupu haubebi rangi ya kutosha na huiacha na mabaka.

Kwenye pembe za kibao ziliwekwa pini ndogo za alama. Ziliacha nukta kwenye nguo, na pigo lililofuata lilianzia kwenye nukta hizo. Ukitazama nguo za zamani kwa karibu, nukta hizi bado zinaonekana, na ndizo zinazokuambia kwamba kazi ni ya mkono.

Kupika dawa

Dawa kuu zilikuwa mbili: ya shabu kwa nyekundu, na ya chuma kwa nyeusi na zambarau. Zikichanganywa huleta kahawia iliyoiva. Sufuria moja ya rubia ilitoa rangi zote hizo kwa pamoja. Wanaolijua vazi la kisutu, jekundu, jeusi na jeupe, wataona mara moja kwamba mkusanyiko huo wa rangi ndio hasa dawa hizi mbili zinazoutoa kwenye rangi moja ya mizizi.

Dawa ya shabu ilipikwa hivi. Kwa kila lita 10 za maji ya moto, kilo 3 za shabu iliyosagwa. Ikishayeyuka, ongeza kilo 1 hadi 1.5 za sukari ya risasi, yaani asetati ya risasi. Koroga, kisha ongeza kidogo kidogo gramu 125 za chaki na gramu 125 za potashi ili kupunguza ukali. Unga mweupe mzito utashuka chini: ni risasi iliyoungana na sulfati. Acha utulie, chota maji safi ya juu, unga utupwe. Chaki ikimwagwa yote kwa mkupuo, povu hufurika na sehemu ya dawa huganda kabla ya kufika kwenye nguo. Anayetaka kurudia kazi hii leo asitumie risasi kabisa, ni sumu inayojikusanya mwilini. Anunue asetati ya alumini iliyo tayari, matokeo ni yale yale.

Kwa nini isitumiwe shabu peke yake? Kwa sababu asidi ya sulfuriki iliyomo haiondoki hewani, inabaki ikiishikilia alumini. Siki, inayotoka kwenye asetati, huondoka. Tofauti hii ndiyo siri nzima ya hatua ya kuivisha.

Dawa ya chuma ilikuwa rahisi zaidi: vipande vya chuma chakavu ndani ya siki, au ndani ya maji makali yanayotoka kuni zinapochomwa kuwa mkaa, kwa wiki kadhaa hadi maji yawe meusi. Ikiwa nzito ilitoa nyeusi. Ikipunguzwa kwa maji mara nyingi ilitoa zambarau nyepesi.

Dawa nyepesi kama maji husambaa kwenye uzi, kwa hiyo ilinenepeshwa. Wanga wa ngano, gramu 100 hadi 150 kwa lita, ulipikwa ndani ya dawa hadi ukawa uji laini. Ulifaa kwa nyeusi na mistari mikali. Gundi ya mgunga kutoka Senegali ilihitaji kiasi kikubwa zaidi, lakini iliacha rangi nyepesi zikiwa sawa bila mabaka. Chujio la kitambaa ni lazima. Donge moja la wanga huziba sentimita nzima ya mchoro.

Na kwa kuwa dawa ya shabu haionekani kwenye nguo nyeupe, ilitiwa rangi kidogo ya magome ili fundi aone alipopiga. Rangi hiyo ya muda ilitoka yote kwenye kufua.

Kupiga chapa

Meza ilikuwa ya mbao nene au jiwe, imetandikwa blanketi. Bila blanketi kibao hugusa sehemu za juu za nguo tu. Pembeni kulikuwa na beseni lililojazwa uji mzito wa zamani, juu yake nguo ya mafuta, na juu ya hiyo fremu iliyovikwa sufi. Juu ya sufi, mtoto msaidizi alipaka dawa kwa brashi, akiisambaza upya baada ya kila pigo. Uji wa chini ulifanya kazi ya mto: kibao kikibonyezwa, sufi hudidimia na kugusa pande zote kwa usawa.

Fundi alibonyeza kibao kwenye sufi mara mbili, mara ya pili akikigeuza kidogo, akakilaza juu ya nguo kwa kufuata pini za alama, akagonga mgongo wake kwa mpini wa nyundo ya mti. Pigo lilipaswa kuwa moja na la katikati. Ukigonga pembeni, upande mmoja hujaa na mwingine hufifia.

Kibao cha mzingo wa mchoro, mara nyingi nyeusi, kilitangulia jora zima. Vibao vingine viliingia ndani ya mzingo huo. Jora la yadi 28, karibu mita 25 na nusu, lenye upana wa sentimita 76, lilidai mapigo yapatayo 600 kwa kila rangi. Rangi nne ni mapigo 2,400. Ni vyema kukumbuka hesabu hii unapoona kipande cha Jouy chini ya kioo cha makumbusho: nyuma yake kuna bega la mtu, na mtoto aliyesimama kutwa na brashi.

Kasoro za hapa zilikuwa za aina tatu. Kingo zilizovimba: dawa nyepesi mno au sufi imejaa kupita kiasi. Weupe katikati ya rangi: dawa nzito, au sufi imeanza kukauka. Rangi zinazopishana na mzingo: nguo imevutwa au imelowa kati ya kibao cha kwanza na cha pili. Pamba hupungua na kurefuka kwa unyevu, kwa hiyo vibao vyote vya jora moja vilifaa vipigwe katika hali ya hewa moja.

Kuivisha

Hapa ndipo wanaojaribu kazi hii leo hukosea zaidi, kwa sababu kunaonekana kama kungoja tu.

Baada ya kukaushwa kwa joto la wastani, nguo zilitundikwa katika chumba chenye uvuguvugu na unyevu, nyuzijoto 25 hadi 30, kwa siku moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi. Siki ikaondoka kidogo kidogo kama mvuke; ukiingia chumbani harufu yake ilichoma pua. Kila siki ilivyoondoka, alumini na chuma vilibaki ndani ya uzi kama udongo usioyeyuka. Chuma kilihitaji pia hewa ya kutosha ili kigeuke na kushika.

Chumba kikavu hakitoi siki. Nguo iliyokaushwa upesi juu ya jiko kali hufanya dawa ing'ang'anie juu juu tu, na rangi itaoshwa yote. Kinyume chake, dari inayodondosha maji ya mvuke huyeyusha dawa na kuacha machozi kwenye mchoro. Nguo zitundikwe bila kugusana. Dalili kwamba zimeiva ni harufu: siki ikiwa imetoweka, endelea.

Maji ya kinyesi cha ng'ombe

Sehemu ya dawa haikushika, na wanga ulikuwa bado juu. Ukiitia nguo kwenye maji matupu, dawa hiyo iliyo huru itaogelea na kutua kwenye sehemu nyeupe, ambako itashika rangi milele. Kinyesi cha ng'ombe huizuia. Fosfati na vitu vya protini vilivyomo huikamata dawa huru kabla haijafika mahali pengine, na humalizia kuigandisha ile iliyo ndani ya uzi.

Maji yalipashwa hadi nyuzijoto 60 au 70, kinyesi kibichi kikakorogwa, na chaki kidogo ikaongezwa ili kumaliza siki iliyobaki. Nguo ilipitishwa ikiwa imenyooshwa upana wake wote, haraka, juu ya magogo yanayozunguka, ili pande mbili zisikunjane zikiwa zimelowa. Kisha ikafuliwa mtoni, ikarudishwa kwenye maji ya kinyesi mapya kwa muda mrefu zaidi, ikafuliwa tena hadi wanga wote uishe. Joto likiwa dogo, wanga hautoki. Mwendo ukiwa wa polepole mwanzoni, nguo hupata kivuli kuuzunguka mchoro. Kuanzia miaka ya 1830 chumvi za fosfati zilianza kuchukua nafasi ya kinyesi, kwa kanuni ile ile.

Sufuria ya rubia

Mizizi ya rubia ilikaushwa na kusagwa. Jora moja la mchoro wa kawaida lilitumia takribani nusu kilo hadi kilo moja na nusu, kulingana na eneo lililopigwa dawa. Kama mizizi ilitoka Uholanzi au Alsace, chaki iliongezwa, kwa sababu bila kalisi iliyomo kwenye chaki, nyekundu huwa hafifu na huoshwa na sabuni. Mizizi ya Avignon, iliyolimwa kwenye udongo wa chokaa, ilikuwa nayo tayari.

Nguo iliingia maji yakiwa vuguvugu, ikazungushwa bila kusimama. Moto uliongezwa polepole kwa saa mbili au zaidi hadi nyuzijoto 70 au 80. Uvumilivu huu haukuwa wa bure: rangi nyekundu hutoka kwanza, na za kahawia na manjano zilizomo kwenye mzizi hutoka joto likipanda. Ukikimbilia kuchemsha, wekundu huwa wa tofali. Kwa nyeusi iliyokolea, sufuria iliruhusiwa kuchemka kwa muda mfupi mwishoni.

Ilipotoka, mchoro wote ulikuwa umejitokeza, na sehemu nyeupe zimekuwa za waridi chafu. Usishtuke. Mahali pasipo na dawa rangi imekaa juu tu. Nguo ilichemshwa na pumba za ngano, ikafuliwa, ikatandazwa majanini kwa siku kadhaa ikinyunyiziwa maji, na kwa kazi nzuri ikapitishwa kwenye sabuni ya moto. Weupe ulirudi, na wekundu ukazidi kung'aa. Kama weupe haukurudi, kosa lilikuwa huko nyuma kwenye kinyesi. Majani hayawezi kulifuta.

Buluu, manjano na kijani

Nili haifuati njia hii, kwa sababu haiyeyuki kwenye maji mpaka inyimwe oksijeni, na ikiguswa na hewa hurudi kuwa buluu isiyoyeyuka. Ndani ya kibao hugeuka kabla ya kufika kwenye nguo. Suluhisho la kwanza lilikuwa brashi. Nili ilichanganywa na chokaa na zarniki, jiwe la manjano lenye aseniki, ikanenepeshwa kwa gundi, na wanawake wakaipaka upesi kwa mkono kwenye kila jani. Jouy ilikuwa na wanawake wengi wa kazi hiyo, wakivuta sumu hiyo siku nzima.

Njia ya pili ni ya kuzuia: nta, au mseto wa mrututu (sulfati ya shaba), udongo mweupe na gundi, ulipigwa mahali panapotakiwa kubaki peupe, kisha nguo yote ikazamishwa kwenye pipa la nili baridi. Pipa hilo lilichanganywa kwa sehemu 1 ya nili, 2 hadi 3 za sulfati ya chuma, na 3 za chokaa. Mrututu huigeuza nili kuwa buluu nje ya uzi, kabla haijaingia.

Manjano ilipatikana kwa dawa ya shabu na gome la mwaloni mweusi wa Marekani, lililoingizwa sokoni Ulaya na Edward Bancroft katika miaka ya 1770. Kijani kilikuwa manjano juu ya buluu. Manjano hizo hufifia kabla ya nili, ndiyo maana majani mengi ya nguo za karne ya 18 leo ni ya buluu.

Shaba na silinda

Mwaka 1752 Francis Nixon, huko Drumcondra karibu na Dublin, alipiga chapa kwa bamba la shaba lililochorwa kwa kuchimba. Mistari ilikuwa myembamba kuliko kibao chochote, na mchoro uliweza kufikia karibu mita moja. Lakini kuunganisha bamba na bamba kulikuwa kugumu, na kazi ilikuwa ya rangi moja.

Thomas Bell, Mskoti, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya silinda mwaka 1783, na mwaka 1785 mashine yake ilikuwa kazini Mosney, karibu na Preston. Katikati kuna ngoma kubwa ya chuma iliyofungwa nguo nene, na blanketi lisilo na mwisho linaizunguka. Chini, gogo la mti linazunguka ndani ya sanduku la dawa na kuipaka silinda ya shaba. Kisu kirefu cha chuma kinakwangua uso wote, kikiacha dawa ndani ya michoro iliyochimbwa tu. Nguo inabanwa kati ya silinda na ngoma, na shinikizo huivuta dawa kutoka kwenye mitaro. Kisu cha pili, upande wa pili, kinaondoa vumbi la pamba lisirudi sandukuni.

Silinda yenye mzingo wa sentimita 40 hivi ilimaliza jora kwa mizunguko 64. Makadirio ya Lancashire ya miaka ya 1830 yalisema mashine moja yenye mtu na msaidizi ilifanya kazi ya wapiga kibao mia na wasaidizi wao mia.

Kisu ndicho cha kuchunga. Chembe moja ya mchanga chini yake huacha mstari mrefu wa rangi kwenye jora zima, kwa hiyo dawa ilichujwa kwa uangalifu kuliko ya kibao. Makali yakiwa butu, nguo yote hupata utusitusi. Na dawa zenye asidi au mrututu hula chuma, kwa hizo kisu kilikuwa cha mseto wa shaba. Baada ya silinda, kuivisha, kinyesi na rubia viliendelea vile vile. Mashine ilibadilisha hatua moja tu.

Kutambua kazi ya kweli

Kulikuwa na njia ya mkato: kuchanganya rangi ya magome, shabu na gundi, na kuipiga moja kwa moja. Ilipendeza dukani, ikafifia kwa jua la msimu mmoja. Kuitofautisha kazi hiyo na ya rubia, chukua kipande kidogo, kichemshe kwenye maji ya sabuni kwa dakika kumi. Rubia iliyoshikwa vyema haitishwi na sabuni. Nyekundu ya magome huacha maji yamepakwa rangi na nguo imepauka.

Ufaransa, wenye viwanda walipiga jina lao na maneno ya kuthibitisha rangi imara kwenye ncha ya kila jora. Uingereza, nguo za pamba tupu zilizofumwa kati ya 1774 na 1811 zilitakiwa ziwe na nyuzi tatu za buluu kwenye pindo, na hadi ushuru wa chapa ulipofutwa mwaka 1831 ofisa wa ushuru alipiga mhuri kwenye ncha za jora. Kwa hiyo anayepima umri wa kipande cha zamani aanze na kingo na ncha, kabla ya kutazama maua.